Nilivyokwenda Kujipelelezea Mchumba

Mwezi uliopita, wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa Guangzhou, watu wakipanda ngazi zangu kuja kula huku wanaburuta mabegi ya sampuli, aliingia binti mmoja wa Mombasa akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Nikamwambia avue viatu akae, leo kuna samaki wa kupaka. Hakukaa. Aliniamkia, nikaitikia, akauliza, "Wewe ndiye Bi Zena wa Tanga?" Nikamwambia inategemea anayeuliza ni nani. "Mimi Mariamu, binti wa Nasoro," akasema. "Baba alifariki mwaka jana." Nilisema yale yanayosemwa, nikampakulia wali, nikarudi jikoni nikaendelea kukoroga sufuria ambayo nilikuwa nimeshaiepua.

Anayenijua atashangaa kwamba mimi nina jambo la kusimulia lililotokea nje ya nyumba. Nipo Guangzhou zaidi ya miaka ishirini, na mtu akiniuliza njia ya kwenda popote nje ya Xiaobei namwambia aulize simu yake. Dunia yangu inaanzia sokoni kwa mboga, nyuma ya mtaa wa Dengfeng, inaishia barabara ya Huanshi Zhonglu. Ng'ambo ya barabara nakwenda nikiwa na sababu, na sababu lazima iwe nzuri. Mwajuma, mwanamke wa Temeke niliyekuwa nikiishi naye mwanzoni, alinipa jina la Mwali. Alieleza kwa kila mgeni, bila kuulizwa, kwamba kwetu mwali huwekwa ndani kwa muda, akafundwa, kisha akatolewa kwa ngoma. "Huyu wetu," alikuwa akisema, "walimweka ndani wakasahau kumtoa." Kwa hiyo nikitaja kwamba mwaka wangu wa pili huku niliendesha gari peke yangu huko Uturuki, kutoka Izmir hadi Antalya, nikipita miji ya mawe ya kilimani na ya ufukweni, watu huangua kicheko. Mimi huwaacha wacheke. Hata mimi nikikumbuka naona kama nilisimuliwa habari za mtu mwingine, mwenye miguu.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya saba na hakuna lifti. Mabunda ya mikoba ya Mwajuma yalipanda hadi dari, tukalala katikati yake kama panya ghalani, na jiko lilikuwa kwenye kibaraza kisichotosha watu wawili waliogombana. Nilipika wali wa nazi kwa nazi ya kopo, na mboga zile za Kichina zenye shina tupu ndani, ambazo ukiziunga vizuri mtu wa pwani hawezi kuzikataa. Harufu ilishuka ngazi, wenzetu wakapanda kuifuata. Ndivyo Nasoro alivyofika, mtu wa Mombasa, mrefu, mpole, anayekula polepole kama aliyeambiwa chakula kina siri. Alinunua sabuni za zeituni na mataulo Uturuki, akanunua mabomba na taa Guangzhou, vyote vikaishia kwenye mahoteli ya pwani ya kwao. Nusu mwaka alikuwa huku, nusu huko. Mimi nikiosha vyombo kibarazani, yeye akimsimulia Mwajuma, nilijua fika nani hasa anasimuliwa. "Kuna mji uko juu ya kilima," alisema siku moja, "nyumba zimekaribiana hata ukipiga chafya, wa nyumba ya chini anakuombea Mungu." Mwajuma akamjibu, "Hapa pia ni hivyo hivyo, ila wa chini anagonga dari kwa ufagio." Nilicheka peke yangu huku nikisugua sahani ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

Alikuja kuposa Ijumaa moja baada ya sala, na mzee Mngazija, muuza vitambaa, aliyemwazima awe baba yake kwa mchana ule. Upande wangu alikuwapo Mwajuma tu. Alivaa koti la suti aliloletewa kama sampuli, lebo ingali inaning'inia kwenye mkono, akakaa juu ya bunda la mikoba akatangaza kwamba yeye ndiye mjomba. Mimi kwa desturi nilitakiwa niwe chumba cha ndani nisisikie. Chumba cha ndani hatukuwa nacho, basi nikasimama kibarazani nikageuza uso ukutani, nikawa sisikii.

Mzee akakohoa. "Tumepita tukaona ua katika bustani yenu."

"Ua lipi?" akauliza Mwajuma. "Sisi hapa tuna Zena."

"Huyo huyo."

"Basi sema Zena, mzee wangu. Wali unapoa."

Akauliza yote ambayo wajomba huuliza. Anaswali? Anaswali. Anakunywa? Kahawa. Ana mke mahali? Hana. Anaishi wapi? Hapo Nasoro, ambaye hakutakiwa kusema, akasema mwenyewe. "Naishi njiani, mjomba. Huu ndio ukweli. Nikioa nataka nitulie kulekule Uturuki, mji mmoja katika hii ninayopita, ila sijui upi. Nimetaka achague yeye." Mwajuma akaguna. "Binti yetu hajafika hata Foshan hapa jirani, bwana." Ndipo Nasoro alipotoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, na ndani yake, badala ya barua na fedha kidogo kama ilivyo kwetu, kulikuwa na ufunguo wa gari. "Liko Izmir kwa fundi. Nendeni mkaangalie ninakopita. Waulizeni watu. Mkiona hapafai, hamna lawama."

Kwa asiyezijua taratibu zetu, niseme hivi. Kile kinachokuja ndani ya kitambaa cha posa hubaki kwa watu wa binti wakati wakifikiri. Kabla ya kujibu hutumwa watu wazima wakapeleleze kwa mwanamume: jiko lake likoje, majirani wanamsemaje, ana lipi alilolificha. Wakikubali, kitambaa hakirudi. Wakikataa, hukirudisha kama kilivyofungwa, bila maneno, na mwanamume mwenye adabu haulizi kwa nini. Sote tuliokuwa mle chumbani tulilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hapana aliyelitaja. Swali lililobaki lilikuwa nani atakwenda kupeleleza. "Mjomba ana kontena la kufunga wiki hii," akasema Mwajuma walipoondoka, akilivua lile koti na kunipa. "Nenda mwenyewe, Mwali. Ndiyo utatoka."

Leseni nilikuwa nayo kwa sababu kabla ya China niliwahi kusambaza mikate Tanga kwa pikapu. Habari za visa sitaeleza, zitakula sura nzima. Fundi wa Izmir alinitazama, akautazama ufunguo, akasema, "Nasoro?" Nikasema, "Nasoro." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu na yalitosha, akanionyesha gari dogo jeupe linalonuka sabuni. Kule wanapita upande wa kulia wa barabara, sisi tumezoea kushoto. Nikavaa bangili mkono mmoja tu, nikajiambia, upande wenye bangili ndio wako. Hata hivyo mara mbili nilirudi upande wa nyumbani, na mara zote mbili nilipigiwa honi kwa lugha isiyohitaji mkalimani. Jambo la kwanza lililonichekesha ni salamu yao. Kila nilipoingia dukani mtu aliniambia "merhaba", mkubwa kwa mdogo, na mimi mtoto wa Tanga nikaona mji mzima unaniitikia shikamoo ambayo sijaitoa. Siku za mwanzo nilikuwa naitoa haraka haraka kimoyomoyo, nisije nikaonekana sina malezi.

Foça ni mji wa mawe uliojibanza kwenye ghuba, paka wengi kuliko watu. Nilimtafuta mpika sabuni niliyeambiwa, mzee mwenye mikono iliyochanika kwa magadi, na mkewe. Nikasema jina. Wakanivuta ndani, wakanikalisha kwenye kiti kilichokuwa dirishani, yule mke akakipigapiga kiti mgongoni akasema, "Nasoro," yaani ndicho chake. Mji uliofuata, kwa wafuma mataulo, nikakuta kiti kingine cha Nasoro, na uliofuata kingine. Nikapeleleza kama shangazi wa watu. Niliuliza, kwa vidole, kama ana mke. "Yok," walisema, wakitupa kidevu juu. Hiyo ndiyo "hakuna" yao, na kwa ukali haipishani sana na *meiyou* ya wauza duka wa Dengfeng. Mtoto? Yok. Kitanda? Hapo walicheka wakaonyesha gari nje. Kila mji ulikuwa na kiti chake, na hapakuwa na mji wenye kitanda chake. Kisha mpika sabuni akaninyooshea kidole, akashika kifuu ambacho hakipo, akakaa juu ya mbuzi ambaye hayupo, akaanza kukuna nazi hewani, hadi shingo ikamcheza. "Guangzhou?" akauliza. Nikajua wali wangu ulifika huku kabla yangu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Mji wa kilimani, ule wa chafya, unaitwa Şirince, wao hutamka Shirinje. Barabara inapanda kwa kona ambazo kila moja nilidhani ndiyo ya mwisho, ya safari au ya maisha. Juu kuna nyumba nyeupe zimepandana mabegani, vigae vyekundu, na mama mmoja mjane, Emine, aliyewahi kufanya kazi hotelini, kwa hiyo Kiingereza chake na changu vilikuwa vya kidato kimoja. Jiko lake ndilo chumba kilichonishinda. Dirisha kubwa kuliko mlango, makomamanga yamepangwa kizingitini, chai kwenye vikombe vya kioo vyembamba kiunoni, mkate wa moto, jibini, tini mbichi, na zeituni ambazo ya kwanza unaitema, ya pili unaivumilia, ya tatu unaificha wenzako wasiione.

"Wewe ni mke wa Nasoro?" akaniuliza.

"Hapana. Nimetumwa na binti mmoja anayeposwa. Nimekuja kuangalia."

"Binti yukoje?"

"Mvivu wa kutoka. Anajua kupika. Mdomo anao."

Akanimiminia chai. "Na wewe ni nani wake?"

"Mjomba wake."

Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akachukua ufunguo msumarini, akanipeleka nyumba ya jirani iliyokuwa haina mtu. Vyumba viwili, ngazi za mbao, meko, na dirisha ambalo ukilifungua unaona mizeituni inateremka hadi macho yanapochoka. "Nasoro alikuja kuiona hii," akasema Emine. "Alisimama hapo ulipo akasema pana ukimya sana. Nikamwambia, ukimya kwa sababu hapana sufuria." Akaniacha peke yangu humo ndani. Sikupeleleza tena. Nilisimama, nikasikia mtu nyumba ya chini anamwita mwenzake waje kula, na moyo ukaniuma kwa namna ambayo sikuijua bado, kama kuwa na hamu ya kurudi mahali ambapo ndiyo kwanza nimefika.

Nilishuka hadi pwani, nikafuata bahari upande wa mashariki, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, chini maji ya rangi ambayo Mwajuma angeiita ya kuuzika. Nilikula samaki ndani ya mkate nimekaa juu ya boneti. Usiku nililala nyumba za wageni nikikumbuka kugongwagongwa kwa sakafu yetu. Kule Kaş kuna ukumbi wa mawe wa watu wa kale, ngazi zake zote zinatazama bahari. Nimeambiwa Kilwa tuna magofu yetu, na kwenda nimeshindwa miaka yote, lakini haya niliyafuata. Nikakaa ngazi ya katikati, peke yangu, kama mtu aliyewahi mno harusini. Nikajikuta nahesabu: sufuria kubwa ikae kushoto mwa meko, mwiko utundikwe pale, mbuzi wa nazi nimwagize Tanga. Nilikuwa napanga jiko la Shirinje. Ndipo nikajua kwamba mjomba, shangazi na binti, sote watatu tumeshakubali.

Gari niliacha Antalya kwa ndugu wa yule fundi, ambaye alikuwa na ufunguo wake wa pili, nikapanda basi hadi Istanbul kuchukua sampuli za nguo za Mwajuma. Sampuli zikachelewa. Kwenye hoteli ya wafanyabiashara nikamkuta bwana mmoja wa Kariakoo anaruka kwenda Guangzhou kesho yake. Sisi watu wa huku tuna kawaida: anayetangulia hubebeshwa vya wenzake, dawa, viatu, salamu, na hakatai, kwa kuwa kesho atabebesha yeye. Mimi najijua kwa kupoteza vitu nikiwa safarini, na wakati huo nilikuwa nimeshapoteza mwavuli na kiatu kimoja. Nikaona ufunguo wa Nasoro ukatangulie salama, naye ajue gari limefika na mimi ni mzima. Nikautia ndani ya kitambaa chake, nilichosafiri nacho, nikakifunga fundo lilelile, maana mimi ni mtu wa vitu kukaa kwenye vyombo vyake. Sikuandika neno. Jibu nilitaka nilipeleke mwenyewe, ingawa hilo nalo si taratibu. Nikamkabidhi yule bwana, nikalala usingizi mzuri.

Nilipofika Dengfeng, Mwajuma alinipokea ngazini kwa kunibeba. "Mwali wangu! Nasoro kaja na mzee wake, kasema jibu wamelipata, wanashukuru, udugu ubaki palepale. Weee! Nikawapigia vigelegele hadi mama mwenye nyumba akapanda kuuliza nani kazaa. Jamaa akainama, akaondoka taratibu. Ana adabu yule!"

"Jibu gani?" nikauliza. "Sijajibu."

"La ufunguo. Si ulimtumia? Kaja nao mkononi, uko ndani ya kitambaa chake."

Kitambaa kimerudi, na fundo lake. Ninaikumbuka sura ya Mwajuma ilivyobadilika kidogokidogo, kama mtu anayesikia maji yanachuruzika akajaribu kukumbuka bomba gani aliacha wazi. Akakaa kwenye ngazi. "Na mimi nikampigia vigelegele," akasema. Nilimpita mbio kwenda nyumba aliyokuwa amepanga Nasoro, mtaa wa pili. Mama wa Kichina aliyekuwa akifagia mlangoni alinitambua. "Meiyou," akaniambia, akipunga mkono kuelekea mbali. Hayupo. Alikuwa ameondoka asubuhi ile, na simu yake ya Guangzhou ilikuwa imezimwa.

Watu niliowahi kuwaambia habari hii huniuliza kwa nini sikumfuata. Swali zuri. Nilikuwa nimetoka kuendesha gari kando ya magenge ya mlima, peke yangu, upande nisiouzoea. Kupanda ndege hadi Mombasa kungenishinda nini? Nilituma ujumbe kwa watu waliokuwa wakienda pwani, na ujumbe wa namna ile, ukipita midomo ya wanaume watatu wanaofikiria mizigo yao, hufika ukiwa salamu tu. Zaidi ya hapo nilingoja. Kungoja ndani ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Nilipika, nikasikiliza ngazi. Nilikuwa naweza kuzijua nyayo za kila mteja kabla hajafika ghorofa ya nne. Msimu wa Pazhou ulipokuja yeye hakuja, na ule uliofuata mtu akala sahani mbili, akasema kwa furaha kwamba Nasoro kaoa kwao Mombasa, harusi ilikuwa kubwa. Nikamwongeza mchuzi. Mwajuma alirudi Dar baadaye akafungua duka, na kwa miaka mingi akinipigia simu alikuwa anaanza kwa kulia kidogo, kisha ananiuliza bei za mikoba. Mimi nimebaki. Nimehama chumba mara kadhaa, lakini sijahama mtaa. Ila kuna nyakati, nikifungua dirisha hili linalotazama dirisha la mwenzangu, mkono unasita kwenye komeo, na macho yanatafuta mizeituni.

Haya yote sikumwambia Mariamu. Nilipotoka jikoni nilimkuta bado hajagusa chakula, mikono ipo mapajani. Nikamwambia samaki wa kupaka hangoji mtu. Akatabasamu, akawa na kidevu cha baba yake.

"Mamangu anakuita mke mwenza wa Uturuki," akasema. "Alikuwa akimtania baba. Kila gari likiharibika anamwambia, mpigie Zena aje aliendeshe."

"Hachukii?"

"Mama? Yeye ndiye kanituma. Kasema, ukifika Guangzhou kamtafute yule mama umuulize, maana baba yako hakuthubutu kuuliza hadi anaingia kaburini."

"Uniulize nini?"

"Baba alisema ulikataa, na kukataa ni haki yako. Lakini alikuwa akijiuliza tu." Akavuta pumzi. "Kule ulikokwenda kuangalia. Hapakukupendeza?"

Wateja wawili mezani waliacha kutafuna. Nilijifuta mikono kwenye kanga. Kwetu jibu la posa hapewi mwanamume mwenyewe. Wanapewa watu wake, wakiwa wamekaa, nao ndio humpelekea.

"Mmekuja wangapi?" nikamuuliza.

"Niko peke yangu, mama."

"Basi kaa vizuri."

Akakaa vizuri, mgongo wima, akajifunika ushungi. Nami nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Uwaambie wa kwenu kwamba tulikwenda, tukaona, tukauliza watu. Palitupendeza. Na tumekubali."

Nikadhani Mariamu atalia na mimi nitamfuata. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa pwani, na anajua aliyetumwa hufanya nini akishapewa neno. Akainamisha kichwa.

"Tumeshukuru," akasema. Kisha akavuta sahani, akala.